Huyu Keshatoka

Darasani kwangu ni marufuku kusema "mmoja kati ya wanne." Wanafunzi wa kidato cha nne hulijua hilo kabla sijawafikia, maana waliotangulia huwaonya: yule madamu wa hesabu ana ugonjwa wake, ukisema maneno hayo anakukata jicho mpaka ukae. Sema robo. Sema moja ya nne. Sema komwe moja katika komwe nne, ukitaka. Lakini usiseme mmoja, wala usiseme wanne, kwa sababu ukiweka hiyo "m" mbele na hiyo "wa" nyuma, namba zinaota miguu na kuwa watu. Na namba ikishakuwa mtu ina zamu yake, ina mahali pake pa kulala, ina mama.

Sijawahi kuwaeleza sababu. Wanadhani ni ukali tu, nami nimewaacha wadhani hivyo. Mwalimu wa hesabu asiyeogopwa huishia kufundisha madawati.

Shule yetu iko kusini mwa Tanga, kando ya barabara ya Pangani, mbele kidogo ni Tongoni. Kitabu cha somo ni cha Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na mkaguzi akija nami huwa Mwingereza. Akiondoka narudi kwenye lugha yangu. Mada ya uwezekano naifundisha kwa Kiswahili kuliko zote, kwa kuwa ndiyo mada pekee ambayo mwanafunzi huingia darasani akiwa tayari na dini yake juu yake. Mlinganyo wa mstari hana maoni nao. Bahati ana maoni nayo tangu hajajua kutembea.

Nina mfuko wa kaki ulioshonwa na kaka yangu kwa vipande vya sare. Ndani yake mna komwe nne, zile mbegu ngumu za kijivu za kuchezea bao. Moja nimeipaka rangi nyekundu ya kucha. Mwanafunzi anatia mkono bila kuchungulia, anatoa komwe moja, anawaonyesha wenzake, mmoja anaandika ubaoni, kisha aliyetoa anairudisha mfukoni, anatikisa, anampa jirani. Sheria ni hiyo moja tu: rudisha. Asiyerudisha ameharibu hesabu ya darasa zima.

Mwaka ninaousimulia hapa nilikuwa na wavulana wa viti vya nyuma waliojua odi za kubeti mpira kuliko wanavyojua kugawanya. Jumatatu ukiwatazama nyuso unajua mkeka wa nani, ile orodha ya mechi alizobetia, umechanika. Tulipoanza kuzungusha mfuko, ile nyekundu ikakaa muda mrefu bila kutoka, na mmoja wao akasimama kunieleza, kwa huruma kabisa, kwamba sasa lazima itoke. Timu ikifungwa mfululizo, alisema, mechi inayofuata unaipa ushindi, kwa sababu ni zamu yake. Darasa likakubaliana naye. Nikawaambia komwe haina kumbukumbu. Haijui kilichotokea kabla yake, haijui nani katia mkono, haimwonei mtu haya. Kila unaporudisha na kutikisa, dunia inaanza upya.

Hayo huwa nayasema kila mwaka na kila mwaka yananichoma. Komwe haina kumbukumbu, lakini mimi ninayo.

Mfuko ukafika kwa msichana wa dirishani. Alikuwa mkimya, mwenye shungi jeupe lililofuliwa mpaka limepauka, anayepata maksi nzuri bila kelele. Akatia mkono, akatoa nyekundu. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akaitazama, kisha akaifumbata.

"Rudisha," nikamwambia.

Hakurudisha. Alikaza ngumi mpaka vifundo vikaonekana, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu keshatoka, Madamu."

Darasa likacheka, kwa sababu ameiita komwe "huyu." Mimi sikucheka. Nilishika ukingo wa meza, maana maneno hayo nilikuwa sijayasikia nje ya nyumba yetu, na nyumbani kwetu yalikuwa ya mtu mmoja tu.

Mama yangu ni Mpemba. Aliolewa na baba, Mbondei wa Muheza, wakaja kuishi mjini Tanga, Ngamiani, na huko ndiko tulikozaliwa. Mtoto wao wa kwanza ni kaka yangu huyu mshona mifuko. Alipokuwa mdogo alilia mifupa, akavimba mikono na miguu, na baba, mtu asiyependa kubahatisha, akampeleka hospitali. Damu ikapimwa. Ni sikoseli. Nesi akamkalisha mama akamweleza kwamba yeye na baba kila mmoja amebeba mbegu ya ugonjwa ndani ya damu bila kuumwa, na kwamba zikikutana mbegu mbili mtoto anaugua. Kisha akamwambia uwezekano wake: ni mmoja kati ya wanne.

Mama akarudi nyumbani na watoto wanne. Mmoja alikuwa mgongoni, watatu hawajazaliwa, lakini alikuwa nao. Akawaambia majirani kwamba kwake wameandikiwa wanne, mmoja mgonjwa na watatu wazima, na yule mgonjwa ndiye huyu hapa, kwa hiyo balaa limepita. "Wetu keshatoka," akawa anasema. Nilipozaliwa mimi, nikanenepa na kukimbia, ikawa ushahidi. Nilikua nikisikia maneno hayo yakisemwa kila mtoto wa jirani anapougua, kila upepo mbaya unapopita mtaani, hata nikadhani ni dua. Nilikuwa nikiitikia amina.

Wa tatu alikuwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa mcheshi, mwizi wa sukari, na mng'ang'anizi: akishika kitu hakiachi. Kabla hajaanza kutambaa vidole vyake vilivimba vikawa kama maandazi. Mama aliviona. Alikuwa mwanamke aliyevijua vidole hivyo kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, ameshavikanda kwa mtoto wa kwanza. Akasema ni jicho la watu. Akatafuta hirizi, akamfunga mkononi, akampaka mafuta. Macho ya mtoto yakawa ya njano, wakasema ni manjano ya kawaida yatakwisha. Akachelewa kutembea, wakasema ni mvivu. Kaka akitetemeka tu, kadi inachukuliwa na safari ya hospitali inaanza. Mdogo wangu akilia, anaimbiwa. Hakuwa na haki ya kuumwa ugonjwa ule, kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Asubuhi aliyokufa, mama alikuwa hospitali na kaka, siku ya kliniki. Baba alikuwa kazini. Mimi nilikuwa barazani na mdogo wangu tukicheza komwe, na shangazi yuko jikoni. Akaacha kucheza. Akasema anataka kulala. Midomo yake ilikuwa imepauka, na tumbo limejaa upande mmoja. Shangazi alipokuja kumwita anywe uji, hakuitika tena. Walipomwosha wakakuta ngumi ya mkono wa kulia imefumba, na ndani yake mna komwe. Waliiweka dirishani. Niliichukua, na tangu siku hiyo nimekaa nayo. Ndiyo niliyoipaka rangi nyekundu.

Mama hakuzaa tena. Wa nne hakuja.

Niliielewa hesabu yetu nikiwa chuo cha ualimu, mchana mmoja, mkufunzi akieleza matukio yasiyotegemeana kwa mfano wa sarafu. Nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya bweni. Hakukuwa na wanne. Hapakuwahi kuwa na zamu. Kila mimba ilikuwa mfuko wake wenyewe, uliotikiswa upya, na mdogo wangu alikuwa na robo yake kamili kama kaka alivyokuwa nayo, na kama nilivyokuwa nayo mimi. Alikufa kwa viambishi viwili vya Kiswahili, "m" na "wa." Niliwakasirikia wote, kuanzia nesi mpaka waliotunga sarufi. Mama sikumwambia, wala sijutii. Kuna ukweli wa kujibia mtihani na kuna ukweli wa kumpelekea mama yako, na huo haukuwa wa kumpelekea.

Lakini mdogo wangu hajaniacha. Sisemi kwamba namwona. Nasema kwamba kila mwaka nikifika mada hii, kiti cha dirishani kinakuwa na baridi, na nikiutikisa mfuko nasikia kucheka kwake, kule kucheka kwa mtoto aliyeficha kitu mkononi akitaka umbembeleze afumbue. Kaka, anayejiita mshindi wa bahati nasibu ya ukoo, huniambia niombe mada hiyo apewe mwalimu mwingine. Siombi. Namwogopa mdogo wangu na pia namtamani, na hapo ndipo mahali pekee anapokuja.

Kwa hiyo msichana yule alipofumba ngumi dirishani, sikumwambia tena arudishe. Nilimaliza kipindi kwa komwe tatu, hesabu zote zikaharibika, na kengele ilipolia nikamwambia abaki.

Alibaki amesimama. Nilimwuliza nani kamfundisha kusema vile. Akasema ni maneno ya mama yake. Kwao wako wanne. Yeye wa kwanza, anamfuata mdogo wake wa kike, wa tatu ni mvulana anayekwenda kliniki ya sikoseli, na wa nne mchanga, wa kiume, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Daktari alimwambia mama yao mmoja kati ya wanne. Sasa yule mchanga amevimba vidole vya mikono na miguu, halali, hashiki titi vizuri, na mama amekataa kumpeleka hospitali.

"Anasema siyo, wetu keshatoka," msichana alisema. "Lakini Madamu, nikiirudisha hii mfukoni, si ina maana inaweza kutoka tena?"

"Ndiyo maana yake," nikamjibu.

"Basi sirudishi."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyeielewa mada ile haraka kama yeye. Wenzake walidhani amekataa sheria kwa ujinga. Alikataa kwa sababu ameielewa mpaka chini. Nilimwachia akaondoka nayo, komwe ya mdogo wangu, katika mfuko wa sketi ya mtoto wa watu, na nilipoketi kwenye kiti cha dirishani kilikuwa na joto lake tu.

Nikamwita mama yake shuleni. Alikuja kesho yake, mwanamke mrefu mwenye aibu, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, baba yao yuko Mkwaja kwenye kazi ya chumvi. Tukaamkiana vizuri. Nikatoa komwe nyingine za akiba, nikachukua vikombe viwili vya ofisini, kimoja baba, kimoja mama, nikamwonyesha mbegu zinavyochukuliwa moja moja na zinavyokutana. Nilieleza vizuri sana. Kama angekuwepo mkaguzi angenipandisha daraja. Alisikiliza mpaka mwisho, hata akaniuliza kama vile vikombe ni vya kuuza. Kisha akasema ahsante mwalimu, hayo ni ya shule, na wangu mimi keshatoka, daktari mwenyewe ndiye aliyesema. Mtoto mgongoni alikuwa analia kilio kile chembamba kisichopanda wala kushuka. Nilikijua. Niliona mguu mmoja umetokeza chini ya kanga, umevimba umeng'aa, na kifundoni ana uzi mweusi wa hirizi.

Nilirudi nyumbani nina hasira hata sikuvua viatu. Kaka alikuwa barazani kwenye cherehani yake, chupa ya maji pembeni kama kawaida yake, nikamweleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayegombana. Nilimwambia yule mtoto atakufa. Atakufa hivi hivi, mchana kweupe, watu wakimwimbia, na mimi nimesimama na vikombe. Kaka alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka, mama yuko mlangoni, na sinia la mchele mkononi.

Nilijua amesikia yote, pamoja na yale niliyoyanyamazia tangu chuo, maana nilikuwa nimeyasema yote. Akaweka sinia chini.

"Hao wakaa wapi?" akauliza.

Nikamwambia mbele kidogo ya Tongoni.

"Kesho wanichukua."

Tulikwenda kwa bajaji, mama na mimi. Alivaa buibui lake la kwendea misibani, na hilo lilinitisha. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua naomba radhi ya nini. Nilikuwa nimemchukulia kitu alichokuwa akikiegemea tangu ujana wake, na sasa namwona amekaa wima bila kuegemea, anashika chuma cha bajaji kwenye mashimo.

Msichana alitufungulia. Mama yake alimwamkia mama yangu shikamoo, akaitikiwa marahaba, tukakaribishwa kwenye mkeka ndani, yule mvulana wa kliniki akiwa amelala pembeni na nduguye wa pili anachambua mboga. Mama hakunywa maji aliyopewa. Aliomba mtoto. Akampakata, akamfungua mikono, akaanza kuvikanda vile vidole kimoja kimoja, taratibu, kwa namna ambayo sijamwona akifanya tangu nikiwa mdogo. Mikono yake haikuwa imesahau. Mtoto alipunguza kulia.

Mwenye nyumba akaanza kueleza habari ya jicho. Kuna mgeni alikuja arobaini ya mtoto akamsifia unene. Mama alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Mie nalikuwa nao watatu," mama akasema. "Wa mwanzo alitoka na ugonjwa huu. Nikasema wetu keshatoka. Wa tatu alipovimba vidole, vidole hivi hivi, nikasema ni jicho. Nalimfunga hirizi kwa mkono wangu. Siku aliyokufa mie sikuwepo. Nalimpeleka yule mwengine kliniki."

Mwenye nyumba aliangalia mikono ya mama, na vile vidole ndani yake.

"Yule wa kliniki yuko hai," mama akaendelea. "Mtu mzima, ana cherehani yake, ana ubishi. Kwa sababu nalimjua. Huyu nilokataa kumjua ndiye nilomzika. Sasa weye mwanangu, mimi sijui hesabu. Mwenye hesabu ni huyu, na kakuchosha na vikombe vyake. Mimi nakuuliza jambo moja. Ukimpeleka akaambiwa hana, umepoteza nini?"

Yule mwanamke alijifunika uso kwa kanga akalia. Alilia muda, na binti yake akaenda kukaa karibu naye bila kumgusa. Alipomaliza akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Kama nilivyosema, mimi nilieleza vizuri sana.

Walikwenda. Mtoto alikuwa nao ugonjwa. Sitaki kuandika kwamba nilifurahi, lakini nilipumua, kwani aliyejulikana anaweza kuishi. Alianzishiwa dawa, mama yao akafundishwa kumshika tumbo kila siku upande wa kushoto kuangalia bandama, jambo ambalo mama yangu naye angefundishwa kwa ajili ya mdogo wangu, kama angempeleka. Wiki ile msichana aliniletea komwe, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Aliitia mfukoni mwenyewe, akatikisa. Sikumsifu, kwa sababu nilijua anairudisha nini.

Nilirudi nyumbani na ule mfuko. Mama alikuwa barazani baada ya alasiri, ameketi kwenye kigoda, kaka ameingia kupumzika. Aliniomba mfuko, akatia mkono, akatoa komwe moja moja na kuzipanga kwenye kanga mapajani. Ilipotoka nyekundu aliishika muda mrefu. Akaikwangua rangi kidogo kwa ukucha, akatazama kijivu chake chini, nami nikajua ameitambua. Alikuwepo walipofumbua ile ngumi. Alikuwa amerudi kutoka kliniki, kamshika kaka mkono.

Nikamwambia, nikitaka kumpunguzia, kwamba kosa halikuwa lake. Kwamba ni lile neno. Nesi angesema robo, mama asingehesabu watoto. Kiswahili ndicho kilichomdanganya.

Mama akatikisa kichwa.

"Nesi hakunidanganya," akasema. "Mtu mwema yule. Alinieleza mara ya pili, nilipouliza. Alisema kila mimba ni mwanzo mpya, hakuna zamu. Nalisikia vizuri."

Nilimtazama. Nilidhani umri umemchanganya, nikamwuliza, kama alisikia vizuri, kwa nini akarudi mtaani na ile habari ya wanne.

"Baba yako alitaka tusizae tena. Alisema huyu mmoja atutosha. Nikamwambia nesi kasema wetu keshatoka." Akaitia ile nyekundu katikati ya zile kijivu. "Nilikuwa nataka mtoto mwengine. Nalimwambia yeye, nikawaambia majirani, nikajiambia na mwenyewe kila siku, mpaka nikaamini. Ningelishika alivyosema nesi, weye n'singekuzaa."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo nikiwapiga marufuku watoto wa watu kusema maneno yaliyomuua mdogo wangu, na kumbe ndiyo maneno yaliyonizaa mimi. Ni uongo ule ule. Kwanza ukanitoa mimi, kisha ukamfunga yeye hirizi. Nilitafuta hasira yangu nikaikosa, nikahisi yule mdogo amekaa kati yetu pale barazani, ngumi imefumba, anangoja nimbembeleze.

Mama akazirudisha komwe zote mfukoni, akafunga kamba, akanikabidhi. Akaniomba maji ya kutawadha. Nikaenda kumletea.